Kocha kapewa umarkesi na mtoto wake ataurithi. Hivi ushindi wa mpira unarithika?

Mtoto wa Reli (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za Jumapili.

Jana nilikuwa Kigamboni kwa shangazi, kikao cha familia. Ajenda moja tu: kikombe. Na si cha chai.

Babu alikuwa karani wa reli Tabora, jioni anacheza mpira timu ya wafanyakazi. Mwaka 1967 wakampa kikombe cha mchezaji bora. Ni bati lililopakwa rangi ya fedha, rangi yenyewe imebanduka pale kinaposhikwa, sikio moja limechomelewa na fundi baiskeli, na jina la babu limechongwa likiwa limekosewa herufi moja. Shangazi anakitumia kuwekea sindano na vifungo juu ya cherehani yake, miaka thelathini sasa. Juzi baba mdogo kaibuka anakitaka, hoja yake ni kwamba jina la ukoo linapita kwa wanaume. Tumekaa saa tatu, wali umepoa, hakuna muafaka.

Narudi kwenye pantoni nikamkumbuka Vicente del Bosque. Naona wengi humu wanamjua kama yule mzee wa masharubu wa Hispania 2010 na habari yao inaishia hapo. Kuna sehemu ya pili.

Tarehe 11 Julai 2010, Johannesburg, Iniesta anafunga dakika ya 116, Hispania 1 Uholanzi 0. Kombe lao la kwanza la dunia. Mnakumbuka walianza kwa kufungwa na Uswisi pale Durban, watu wakaanza kumtukana mzee. Kisha kuanzia mtoano wakashinda kila mechi moja bila: Ureno, Paraguay, Ujerumani, Uholanzi. Mashindano mazima mabao manane tu.

Februari 2011 Mfalme Juan Carlos akamfanya markesi. Kwa Kihispania ni "Marqués de Del Bosque". Ni cheo cha ukabaila, daraja la pili kutoka juu: dyuki, kisha markesi, halafu ndiyo wanafuata wale wengine mpaka baroni. Na hati ya mfalme ilisema kapewa "yeye na warithi wake". Siku hiyohiyo mwandishi Mario Vargas Llosa naye alipewa cha kwake, pamoja na mfanyabiashara mmoja na mwanasheria mmoja mkubwa.

Sasa hapo kwenye "warithi wake" ndipo niliposhikwa. Huyu mzee kazaliwa Salamanca 1950, baba yake alikuwa karani wa reli. Karani wa reli, wakuu, kama babu yangu! Tena baba huyo alikuwa mtu wa mrengo wa kushoto, aliyewekwa kizuizini wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Mwana wa mfungwa huyo kacheza Real Madrid zaidi ya miaka kumi, kaifundisha, kawaletea Kombe la Ulaya 2000 na 2002, akachukua ligi 2003, na kesho yake tu akaambiwa mkataba hauendelei. Hakuna mahali jina la baba lilimsaidia. Halafu mwishoni anapewa kitu ambacho kazi yake pekee ni kumpa mtoto jina la baba.

Mimi naona mpira ndiyo sehemu moja iliyobaki ambako mtoto wa fulani akiingia uwanjani hana touch, anatolewa. Sasa unachukuaje ushindi wa hapo ukaufanya shamba la urithi?

Nawasilisha.

---

Dereva wa Tandika

Mkuu, umarkesi unaliwa na nini? Kuna kiwanja ndani yake? Kama hakuna mwachie baba mdogo.

---

Mwanasheria Mbishi

Naomba nirekebishe kidogo kabla watu hawajakimbia na uzi.

Kwanza, hakuna kiwanja, hakuna pensheni, hakuna kiti bungeni. Hispania ya leo cheo cha ukabaila ni jina tu. Ukivunja sheria unashtakiwa kama muuza samaki. Zamani wale wa daraja la juu kabisa walikuwa na pasi za kusafiria za kidiplomasia, nazo zilifutwa miaka ya 80. Katiba yao inampa mfalme mamlaka ya kutoa heshima na nishani, lakini hati inapita serikalini, waziri anatia saini, inachapishwa kwenye gazeti la serikali. Na wakati ule serikali ilikuwa ya wasoshalisti! Kwa hiyo si mfalme kaamka tu asubuhi kamkumbuka kocha.

Pili, hilo neno "urithi" usilichukulie kama nyumba. Nyumba ya baba, akifa baba mnagawana. Cheo hakigawanyiki, kinakwenda kwa mmoja. Na hakihami chenyewe: mwenye cheo akifa, mrithi aandike maombi ndani ya muda uliowekwa, alipe kodi, apewe hati ya kurithi yenye jina la mfalme. Akipuuza, ndugu mwingine anaweza kujitokeza kukidai. Kuna familia za kikabaila kule zimepelekana mahakamani miaka kwa miaka kwa ajili ya maneno matatu ya kuandika kwenye kadi ya mwaliko wa harusi.

Tatu, na hii itamfurahisha shangazi yako: hadi 2006 mwanamume alikuwa anampita dada yake hata kama dada ni mkubwa. Mwaka huo wakatunga sheria namba 33, sasa ni kifungua mimba, awe wa kike au wa kiume. Yaani Hispania, nchi ambayo kiti chenyewe cha ufalme bado kinampendelea mtoto wa kiume, kwenye vyeo vya kawaida imeshaachana na hoja ya baba yako mdogo.

---

Mtoto wa Reli

Mwanasheria, shangazi ndiye kifungua mimba. Hii naichapisha naipeleka Kigamboni leo leo.

---

Mkimbiaji wa Iten

Sisi huku Kenya tuko sawa kabisa. Kipchoge alipomaliza ile maneno ya Vienna 2019, marathoni chini ya saa mbili, wiki moja baadaye Mashujaa Day pale Mombasa Rais akampa EGH, nishani ya taifa. Heshima kubwa, anaandika herufi tatu baada ya jina lake basi. Watoto wake wakitaka zao, waamke saa kumi na moja asubuhi wapige mbio kama yeye. Hakuna mtoto atazaliwa EGH.

Lakini nauliza tu, hao wachezaji walipewa nini? Ama ni kocha peke yake?

---

Mwanasheria Mbishi

Timu nzima ilipewa tuzo ya michezo ya Mwana Mfalme wa Asturias mwaka huohuo 2010. Ukabaila alipewa kocha tu. Aliyefunga bao hakupata.

---

Mchokozi Halisi

Hapo sasa! Iniesta mtoto wa Fuentealbilla, kijiji ambacho hata Wahispania wenyewe walikijua kwa sababu yake, kafunga bao la kombe la dunia akakimbia na fulana ya kumkumbuka rafiki yake marehemu Dani Jarque, kadi ya njano juu. Anabaki "bwana Iniesta". Aliyekaa kwenye benchi na suti ndiye markesi. Na Luis Aragonés, aliyewatengenezea ule mchezo wa pasi fupi na Euro 2008 akawachukulia, kafa 2014 bila hata ubaroni.

Naunga mkono hoja ya mwanzisha uzi ila mimi naenda mbali zaidi. Mnajua nani alitangulia? Juan Antonio Samaranch. Bosi wa Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa kuanzia 1980 hadi 2001. Huyo alipewa umarkesi mwishoni mwa 1991, miezi michache kabla ya Olimpiki ya Barcelona kufunguliwa katika mji wake wa kuzaliwa. Umarkesi wa michezo, lakini mwenyewe hakukimbia wala kuruka, alikaa ofisini. Na kabla ya hapo alikuwa ndiye mkubwa wa michezo ndani ya serikali ya Franco, yule dikteta wa Hispania, miaka ya 60.

Unganisha sasa: mmoja alikuwa ofisa wa Franco. Mwingine baba yake alikuwa mfungwa wa upande uliopigwa na Franco. Wote wawili wamekutana kwenye daftari moja, markesi na markesi. Ukisema mfalme alikuwa anashona nchi iliyopasuka nitakuelewa. Ukisema alikuwa anafunika pasuko kwa zulia nitakuelewa vilevile.

---

Dereva wa Tandika

Hapo kwenye zulia nimekubali.

---

Mbongo wa Getafe

Salaam kutoka pembeni ya Madrid. Niko huku mwaka wa kumi na moja, naendesha gari la kusambaza vinywaji, kwa hiyo naingia baa arobaini kwa siku na habari zote nazipata kwenye kaunta.

Mmesahau habari mpya. Juni 2025, tarehe 19, siku Mfalme Felipe, mwana na mrithi wa Juan Carlos, anatimiza miaka 11 ya kutawazwa, katoa vyeo vyake vya kwanza tangu aingie. Miaka yote hiyo hakuwa ametoa hata kimoja. Katika orodha wapo wanamichezo wawili: Rafael Nadal na Teresa Perales. Hapo Mchokozi hana pa kulalamika, hao wote walitoa jasho wenyewe.

Nadal wa tenisi mnamjua: mataji makubwa 22, kumi na manne ya Roland Garros. Pale Paris kacheza mechi 116 kafungwa nne tu. Perales huenda hamumjui, na ni aibu. Ni muogeleaji wa Saragosa, akiwa na miaka 19 miguu ikapoteza nguvu kwa maradhi ya neva, akaanza kuogelea baada ya hapo. Medali 28 za Paralimpiki, kuanzia Sydney 2000 mpaka Paris 2024. Ya Paris kaipata akiwa na bega la kushoto lisilofanya kazi, mkono mmoja ndio unapiga maji. Mwanamama huyo leo ni Markesa wa Perales.

Asubuhi ile baa moja pale mtaani kwangu mzee mwenye duka alikuwa anasoma gazeti kwa sauti. Mteja mmoja, fundi wa mabomba, akamwambia: sawa kwa Rafa, lakini mjukuu wa Rafa amenifanyia nini mimi? Mzee akamjibu: na mjukuu wa yule aliyenyang'anya mashamba karne ya 15 amekufanyia nini, mbona huyo unamwita "dyuki" bila kuuliza? Baa nzima kicheko, kahawa ikawa bure.

Nami nakubaliana na mwenye duka. Kama daftari la makabaila lipo na halifutwi, afadhali liingie jina la muogeleaji.

---

Mtoto wa Reli

Mbongo, hiyo ya kahawa bure imenifurahisha, ila mwenye duka kakwepa swali. Fundi hakuuliza kuhusu Rafa, kauliza kuhusu mjukuu. Jibu la "mbona wale wengine" halijibu.

Angalia hivi. Mwezi mmoja kabla, Mei 2025, Wafaransa walimuaga Nadal pale Roland Garros. Wakamwekea bamba uwanjani pembeni ya neti lenye alama ya unyayo wake. Unyayo! Hauwezi kuurithisha. Mwanawe akija pale akanyage, kiatu hakitalingana. Wafaransa walimkata mfalme kichwa zamani, wakabakiwa na unyayo. Wahispania wanaye mfalme, wakatoa jina. Mimi kati ya hivyo viwili nachukua unyayo.

---

Binti Matlai

Nimesoma uzi wote kimya ila kwenye majina nimeshindwa kujizuia, mimi ndiyo ugonjwa wangu.

Nadal si "Markesi wa Nadal". Ni markesi wa Llevant de Mallorca, yaani ule upande wa mashariki wa kisiwa ulipo mji wake wa Manacor. Llevant ni mahali jua linapochomoza, na hukohuko Mediterania ni jina la upepo unaotoka mashariki. Sisi watu wa pwani tunalo neno lake kabisa: matlai. Nadal ni Markesi wa Matlai ya Mallorca. Mtu wa Pemba anaelewa mara moja bila kuelezwa.

Ya Del Bosque ndiyo kichekesho. "Del Bosque" maana yake ni "wa msituni". Sasa cheo kikaongezewa "de" yake, kikawa Marqués de Del Bosque: Markesi wa Wa-Msituni. "De" mbili zimefuatana.

Na tafadhali msitumie mashine za kutafsiri. Nilitafuta habari za Jacques Rogge, yule Mbelgiji aliyempokea Samaranch kwenye kiti cha Olimpiki, naye alikuwa na cheo cha kikabaila cha kwao, kwa Kiingereza "Count". Mashine ikaniandikia "Hesabu Rogge". Nikafikiri ni mhasibu.

---

Mkimbiaji wa Iten

Huku ingesema "Kaunti ya Rogge" na gavana angeitisha ushuru 😂

Hata Eddy Merckx wa baiskeli ni baroni huko Ubelgiji, tangu 1996. Hawa watu wanapenda vyeo.

---

Mwanasheria Mbishi

Ubelgiji wanazo aina zote mbili, vya kurithisha na vya mtu kufa navyo. Waingereza ndio walioelewa mapema: wakimbiaji kina Mo Farah wanaitwa "Sir" na kinaishia kaburini. Sebastian Coe, mkimbiaji wao wa zamani, alikuwa Baraza la Malodi mpaka 2022, lakini ni ulodi wa maisha yake tu, chini ya sheria ya 1958. Ni Hispania ndiyo bado inampa mwanamichezo kitu kinachovuka kaburi.

Ila mwanzisha uzi, usifikiri kikishatolewa ni jiwe. Mwaka 2022 bunge lao lilipitisha sheria ya kumbukumbu ya kidemokrasia ikafuta vyeo 33 vinavyohusiana na Franco na vita vile, pamoja na udyuki wa familia yake mwenyewe. Wajukuu wakalala makabaila wakaamka raia. Cheo kinarithishwa mpaka bunge liseme basi.

---

Mama Wawili

Wanaume mnazunguka sana. Mmeandika kurasa mbili, hakuna aliyemgusa Álvaro.

Del Bosque ana watoto watatu. Mmoja, Álvaro, ana hali ya Down. Wanaofuatilia Hispania wanamjua, alikuwa akionekana na baba yake kwenye sherehe za timu, wachezaji wanamkumbatia. Mzee amezungumza hadharani mara nyingi jinsi walivyolia alipozaliwa na jinsi leo hawajui wangeishije bila yeye. Ndiye mtoto aliyeibadilisha picha ya baba machoni pa watu: kocha mkubwa anayemshika mwanawe mkono bila kumficha.

Sasa kwa hiyo sheria ya kifungua mimba, cheo kitaenda kwa mkubwa, si kwake. Si kosa la mtu. Lakini ninachosema, jamii ile ilimpenda mzee kwa mambo ambayo hati haikuyaandika, na hati haiwezi kuyapeleka popote.

Nina mtoto wa hali hiyo, ana miaka tisa. Siku ile ya 2010 sikuwa naye bado. Nilikuja kuiona ile video ya sherehe baada ya kumzaa, usiku, namnyonyesha. Sikuangalia nani kashika kombe.

Kuhusu kikombe chenu: mpeni shangazi. Ndiye aliyekifuta vumbi.

---

Mtoto wa Reli

Mama Wawili, nimesoma yako mara mbili. Asante.

---

Mchokozi Halisi

Mimi leo sichokozi.

---

Dereva wa Tandika

Mrejesho wa kikombe tafadhali, tumeweka kambi hapa.

---

Mtoto wa Reli

MREJESHO.

Nimekwenda jioni na karatasi yangu ya sheria ya 2006. Baba mdogo kaisoma, kavua miwani, kasema: "Hii ni ya Uhispania." Sikuwa na jibu.

Shangazi alikuwa anapindua gauni la mtu, mashine haikusimama. Kasema sawa, kichukue. Ila kikombe kina deni lake. Tangu babu afariki, yeye ndiye anayetuma hela ya kufyekea kaburi Tabora kila Juni, na ya khitma. Mwenye kikombe ndiye mwenye Juni. Kamwaga sindano na vifungo kwenye gazeti, kakifuta kwa ncha ya kanga, kamsukumia.

Baba mdogo kakigeuza, kaangalia chini, kaangalia jina lililokosewa herufi. Kauliza nauli ya fundi wa kaburi ni shilingi ngapi siku hizi. Shangazi kamtajia.

Kasema atafikiria, apewe mpaka mwisho wa mwezi.

Tumekunywa chai. Naondoka nimeona sindano zimesharudi ndani.